Gari la Kwendea Rulenge

Juma hili nataka tuzungumze juu ya magari, hasa yale yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo ukisimama Ubungo asubuhi ya Ijumaa unayaona yakitoka mjini yamepambwa kama bwana harusi. Mbele lina bampa la chuma la kuzuia ng'ombe. Pembeni kuna bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka paani. Juu kuna keria iliyojaa madumu, hema, jeki ndefu nyekundu, vibao vya plastiki vya kukanyagia matope, na taa nane kama za uwanja wa mpira. Mwenyewe amekaa nyuma ya usukani na miwani myeusi. Ukimwuliza aendako, atakuambia Bagamoyo.

Sina ugomvi naye. Fedha ni zake na barabara ya Bagamoyo ni ya lami, hatakwama. Ninaowafikiria leo ni wale walioniandikia kuuliza kwa dhati. Mmoja anataka kumpeleka baba yake mzee nyumbani Rulenge, wilaya ya Ngara, ambako hajafika kwa miaka mingi. Wa pili anataka kuwapeleka watoto kuona hifadhi ya Burigi-Chato, ile iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Wa tatu hakusema aendako, anachotaka ni kujua habari za winchi tu. Huyo nitamfikia. Wote wanauliza jambo moja: ninunue nini cha kuongeza kwenye gari?

Jibu langu ni fupi na halitawapendeza wenye maduka ya vifaa. Nunueni vichache, na acheni nafasi.

Kwa ajili ya wale wasiozijua wilaya hizo mbili, nitaeleza kidogo. Kutoka Kahama unakwenda na barabara kuu mpaka Nyakanazi, mahali ambapo njia ya Kibondo na Kigoma inachepuka. Mbele kidogo ni Lusahunga. Hapo ukikata kulia unakwenda Biharamulo mjini, kwenye lile boma la Wajerumani, na zaidi mpaka Bukoba. Ukinyoosha, una kama kilomita 90 kufika Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera na mpaka wa Rwanda. Njia zote hizo kubwa zina lami, na malori ya Kigali na Bujumbura yanapita usiku na mchana. Mtu akikuambia kwamba anahitaji gari la vita kufika Rusumo, mwambie mabasi yanafika.

Habari inabadilika ukiiacha lami. Ngara ni nchi ya vilima, vingine vimesimama kama paa la nyumba, na udongo wake mwekundu ukinyeshewa nusu saa unakuwa sabuni. Gari halizami, linateleza, na upande mmoja kuna bonde. Biharamulo kuna miombo, tambarare kubwa, na mabondeni udongo mweusi, ambao wenyewe unazamisha. Kwa hiyo msafiri anayetoka Nyakahura kupandia Rulenge na kushukia Murugarama anaweza kukutana na matope ya aina zote mbili kwa siku moja, na katikati yake vumbi, kwa sababu mvua ya huko hupiga kilima kimoja ikaacha cha pili.

Waliozifundisha njia hizi kwa magari ya kisasa ni madereva wa miaka ya 1990, na sababu yake inajulikana. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Walitua Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuweka kambi yake pale. Ngara ilijaa Land Cruiser nyeupe na Land Rover zenye antena za redio ndefu kama fimbo za kuvulia samaki. Chakula kilikuja kwa reli mpaka Isaka, kutoka hapo kwa malori. Wakimbizi wa Rwanda waliondoka Desemba 1996, wale wa Burundi wakabaki Lukole miaka mingi zaidi. Magari yakaisha, mengine yakauzwa, lakini ujuzi ulibaki kwa vijana wa Ngara na Biharamulo walioajiriwa kuyaendesha. Nimesafiri na baadhi yao, mara kiti cha mbele, mara nyuma juu ya magunia, na mengi ya nitakayosema nimeyaona mikononi mwao.

Tuanze na matairi, maana hapo ndipo fedha yenu inapotakiwa kwenda yote kabla haijakwenda kwingine. Ninashangaa mtu anayelipa mamilioni kwa bampa la chuma, halafu chini amefunga tairi la mtumba lililosafiri baharini likiwa tayari mzee. Tazameni ubavuni mwa tairi. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu kama yai. Mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2019. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kabisa na muuzaji akakuapia kwamba ni jipya, lakini mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Ukilipakia mzigo na kulikimbiza kwenye lami ya moto kutoka Singida mpaka Nzega, linapasuka, na gari refu likipasukiwa tairi la nyuma kwenye mwendo wa 110 halimwulizi dereva anaonaje.

Magari ya kazi ya wakati ule yalivaa matairi membamba ya inchi 16, yenye tyubu ndani, juu ya rimu za vipande viwili. Vijana wa mjini huyacheka, wanataka manene. Lakini jembamba hukata matope likatafuta ardhi ngumu chini yake, wakati pana huelea juu likabaki kuzunguka. Na rimu ya vipande viwili unaibandua mwenyewe kando ya njia kwa vyuma viwili na nyundo, unaziba pancha kwa kiraka na gundi, unajaza upepo, unakwenda. Onyo moja tu: ile ringi ya kufungia, isipokaa sawasawa, huruka wakati wa kujaza upepo kama kisu kilichotupwa. Zungusheni mnyororo kwenye gurudumu kabla ya kujaza, au lilazeni chini ya gari, na kichwa kikae mbali.

Upepo wenyewe ni kifaa. Kwenye utelezi au mchanga ukiupunguza mpaka kama 20 tairi linalala chini na kushika ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Lakini lazima uende polepole, na lazima uwe na pampu ya kuurudisha kabla hujaikanyaga lami. Pampu ndogo ya umeme wa betri, pamoja na kipimo, ni vitu viwili ambavyo ningeviweka mbele ya taa zote nane. Na matairi ya akiba yawe mawili.

Sasa uzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeubebesha mzigo kwa ukatili kama mwenye gari, kwa kuwa gari halilalamiki. Tufanye hesabu. Land Cruiser ndefu ya siku hizi, ile ya kazi, ina matangi mawili ya lita 90, jumla 180. Ikiwa na mzigo kwenye udongo hula kama lita 15 kwa kilomita 100. Maana yake unakwenda kilomita 1,200 bila kuomba. Kahama kuna mafuta, Lusahunga yapo, Ngara yapo. Basi yale madumu sita juu ya paa ni ya nini? Yakijaa ni lita 120, kilo 100 za dizeli, bado chuma chake, bado keria, bado hema, bado tairi la akiba ambalo mwanamume mzima analiinua kwa kuguna. Yote hayo mmeyaweka mahali pa juu kabisa, kwenye gari ambalo kwa umbile lake tayari ni refu na jembamba.

Halafu mnaliingiza kwenye vilima vya Ngara, ambako njia imelalia upande mmoja. Gari huanguka pale uzito wake wa juu unapovuka mstari wa magurudumu ya chini. Fundi mmoja Biharamulo alinieleza kwa ndoo: beba ndoo ya maji kichwani upite juu ya gogo, kisha ibebe mkononi upite tena. Kwa hiyo vizito vyote vikae ndani, chini, katikati, vimefungwa kwa kamba. Juu kikae kisicho na uzito, kama mkeka na vyandarua. Dumu moja la akiba linatosha, nalo ni kwa ajili ya mwingine aliyeishiwa kuliko wewe.

Springi zikilala, msikimbilie kuongeza majani kwanza. Shusheni mzigo. Gari lililoongezwa majani ya springi ili libebe zaidi huhamishia adhabu kwenye beringi, ekseli na mgongo wa abiria, na baba yetu mzee wa Rulenge hatamshukuru mwanawe.

Bomba la hewa la pembeni, sitaki mnielewe vibaya, lina kazi. Injini ya dizeli ikimeza maji, maji hayabanani kama hewa, na fimbo za pistoni hupinda. Lakini kazi yake kubwa zaidi Biharamulo ni vumbi. Ukiwa nyuma ya lori wakati wa kiangazi, hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ya kando ya gurudumu, na chujio linakaa siku nyingi. Ila nimeona mabomba yaliyofungwa vizuri kwa nje na ndani hayakuunganishwa na kitu. Hilo ni pambo kama hereni. Mwambieni fundi afungue boneti, awaonyeshe hewa inapita wapi. Na kwenye kijito chochote usichokijua, ashuke mtu apite kwa miguu kwanza na fimbo. Ukishavuka, angalia oili ya difu na gia boksi jioni. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Vilivyobaki nitavipitia upesi. Chujio mbili za dizeli, maana mafuta ya dumu la njiani hujui yamelala na nini. Feni belti, hozipaipu ya rejeta, waya, oili, na maji ya kunywa ambayo hayaguswi kwa ajili ya rejeta. Beleshi, panga, jeki ya chupa na kipande cha ubao mnene cha kuiweka juu yake, kwa sababu jeki peke yake kwenye udongo wa mvua huinua gari kwa kuelekea chini. Spana ya gurudumu iliyojaribiwa: kuna watu wamefika porini na spana isiyoingia kwenye nati zao. Kwa wanaokwenda Burigi, nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o huzipenda, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na ile gia ya pembeni ya kuingizia magurudumu ya mbele, iingizeni walau mara moja kwa mwezi kwenye uwanja wa udongo. Gari lililozunguka Kariakoo miaka mitatu bila kuiingiza, siku ya Rulenge gia haiingii, na hapo una gari la magurudumu mawili lenye bei ya manne.

Kulikuwa na sababu nyingine ya madereva wa kule kupanga vifaa vyao kwa utaratibu mkali. Miaka ile na mingine mingi baadaye majambazi wenye bunduki waliteka magari katika pori la Kasindaga, kati ya Biharamulo na Muleba, na katika Kimisi, njia ya Karagwe. Mabasi yaliondoka kwa msafara yakisindikizwa na askari. Ukipata pancha ndani ya msafara, msafara haukusubiri sana. Ndiyo maana jeki, spana na tairi vilikaa mahali pamoja, karibu na mlango, bila kitu juu yake, na dereva na utingo waliweza kubadili gurudumu kabla sigara haijaisha. Kimisi leo ni sehemu ya hifadhi. Utaratibu ule ungali mzuri, hata kama kinachokusubiri porini sasa ni mvua tu.

Nimefika kwenye neno nafasi.

Mwezi wa Aprili 1999 nilisafiri kusini mwa Ngara, upande wa Murusagamba, kwa gari la kazi lenye mabenchi ya ubavuni. Tulipopakia asubuhi nilitaka sanduku langu liwekwe kwenye benchi la kushoto, lililokuwa tupu. Dereva, mzee wa makamo, alilichukua akaliweka chini ya miguu yangu. Nikamwuliza mbona nafasi ipo. Akasema, "Hilo benchi ni la njiani, bwana." Sikupata maelezo zaidi, naye si mtu wa maelezo.

Saa tisa alasiri, mvua imeshatupiga mara mbili, tukakuta watu sita wamesimama njiani na machela ya miti na blanketi. Juu yake mwanamke mjamzito, uchungu umemshika tangu usiku. Gari lililokuwa mbele yetu, zuri kuliko letu mara kumi, lilikuwa limesimama na abiria wake wameshuka. Watu wema, hawakukataa. Walikuwa wakitoa masanduku, friji ndogo, viti vya kukunja, na kila walichotoa kulikuwa na kingine nyuma yake kilichofungwa kwa nati. Hata wangemaliza, sakafu yenyewe ilikuwa imejengewa makabati.

Dereva wetu alishuka. "Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe wa mgonjwa. "Marahaba, mwanangu. Tumetembea tangu asubuhi." Hakuuliza zaidi. Wakamlaza kwenye benchi la kushoto, mama mkwe akapiga magoti sakafuni kumshikilia, waume wawili nyuma. Saa mbili na nusu tulikwenda kwa gia ya chini mpaka hospitali ya Murgwanza. Mtoto alizaliwa usiku ule. Sikumwona, tuliambiwa asubuhi tulipopita kuuliza, na dereva akaenda kuosha sakafu ya gari.

Wasikilizaji wengine watasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna magari ya wagonjwa na pikipiki za bodaboda. Yapo, na yameokoa wengi. Lakini pikipiki haimpandishi kilima chenye utelezi mwanamke aliye katika uchungu, na gari la wagonjwa la tarafa nzima laweza kuwa upande wa pili wa wilaya. Kwenye njia za vijijini za Ngara na Biharamulo, kwa siku ya mvua, gari lako lenye kuvuta kwa magurudumu manne laweza kuwa ndilo pekee litakalopita mpaka kesho. Wenye njia hiyo wanalijua hilo kabla yako. Watakusimamisha. Kwa hiyo unapokaa na fundi kupanga makabati, droo za kuvuta na kitanda cha kukunjua, mwambie aache mita moja na robo tatu za sakafu bila kitu, na pete mbili za kufungia kamba. Haigharimu chochote. Ndicho kifaa pekee katika orodha yangu yote ambacho duka haliwezi kukuuzia.

Ndugu wa baba mzee wa Rulenge, sehemu hiyo hiyo ndiyo mzee atakayojinyoosha safari ikimchosha. Godoro jembamba, mto, na blanketi, maana Ngara usiku ni baridi.

Namalizia na yule wa winchi. Winchi ni kifaa halisi, sikidharau. Lakini ina uzito wa mtoto wa darasa la nne, na mnaifunga mahali pa mbele kabisa, nje ya magurudumu, kwa hiyo pua ya gari inakuwa ya kwanza kuzama kwenye udongo mweusi. Tena winchi huvuta kwa kushika kitu. Miombo ya Biharamulo ina miti ya kutosha. Vilima vingi vya Ngara ni nyasi tupu, na utaishia kushika jiwe litakalokufuata. Kama unasafiri peke yako kwenye hifadhi, pamoja na watoto, nunua. Kama unakwenda vijijini, nunua kamba nzuri ya mita 20, pana, isiyokatika, na pingu mbili za chuma za kuifungia. Ukikwama Ngara hutakaa robo saa kabla hawajatokea watu kumi na tano, ishirini, hata mahali ulipodhani hapaishi mtu. Watavuta kwa wimbo na utatoka. Wape kitu, na uwe na noti ndogo ndogo mfukoni, kwa sababu watu ishirini wenye matope mpaka magotini hawana chenji ya elfu kumi.